Nani Aliyefunga Mlango?

Upo usemi mmoja katika lugha yetu ambao nimeuchukia, na leo, msomaji kijana, nataka kukuambia sababu. Usemi wenyewe ni huu: ajali haina kinga. Sikatai kuwa wahenga walikuwa na hekima. Mtu aliyepigwa na radi shambani mwake, au aliyeangukiwa na mti mzima usioonyesha dalili ya kuoza, jamaa zake na waambiwe hivyo wapate faraja. Lakini usemi huu umetoka matangani ukaingia majikoni. Siku hizi husemwa na mtu aliyeacha pasi ya moto juu ya kitanda, na aliyelaza waya uliochunika chini ya mkeka, na aliyefunga mlango wa mashine bila kutazama ndani. Kinga ilikuwapo, yeye hakuitumia. Kisha husimama mbele za watu na kuisingizia kudra.

Nitasema habari za mnyama mdogo, paka, na habari za vyombo vya umeme na vya moto vilivyojaa katika nyumba zetu za Thika na Ruiru. Huenda ukacheka. Utasema kuwa dunia ina njaa, vita na maradhi, na mtu huyu anatuandikia juu ya paka! Cheka kwanza, kisha usome.

Umeme si mgeni wa jana katika sehemu hizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 maji ya mto Ruiru yalitumiwa kuzalisha umeme wa mji wa Nairobi. Lakini nguvu hiyo ilipita juu ya vichwa vya wenyeji ikaenda zake mjini, nao wakabaki na koroboi na mafiga matatu. Leo mambo ni mengine. Sensa ya 2019 iliukuta mji wa Ruiru una watu karibu nusu milioni. Barabara kuu ya Thika ilikamilika mwaka 2012, na mahali pengi palipokuwa na mikahawa pameota nyumba za ghorofa. Katika chumba kimoja cha kupanga utakuta jokofu, televisheni na king'amuzi chake, birika la umeme, pasi, jiko la gesi, na waya wa kuongezea uliobeba plagi sita kama punda aliyepakiwa kupita kiasi. Mwenye uwezo zaidi amenunua mashine ya kufulia nguo. Na kwa kuwa panapo watu wengi pana unga na makombo, na panapo unga pana panya, paka naye yumo.

Paka hakuumbwa mtundu, aliumbwa mwindaji. Asili yake ni paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, na wataalamu husema kwamba alianza kukaribiana na watu yapata miaka 10,000 iliyopita, watu walipoanza kuweka nafaka ghalani na panya wakaifuata. Hatukumkamata wala hatukumnunua. Alikuja mwenyewe kwa kazi yake, na kazi yake ikatufaa. Mwindaji wa namna hii hana budi kulijua kila tundu la mahali anapokaa, maana tundu huenda likawa na panya, au likawa kimbilio lake mwenyewe akifukuzwa na mbwa. Kabati likiachwa wazi, ataingia. Kapu likiwekwa chini, ataingia. Mtulinga wake ni kijifupa kidogo kisichoshikana na mifupa mingine, kwa hiyo panapopita kichwa chake aghalabu mwili nao hupita. Tena hupenda joto kuliko sisi. Mwezi wa Julai, wingu linapofunika Thika na Ruiru, utamkuta amelala nyuma ya jokofu, au juu ya king'amuzi, au ubavuni mwa jiko la makaa, au chini ya boneti ya gari lililozimwa sasa hivi.

Haya, mpe mashine ya kufulia: pango la mviringo, lenye giza, lililojaa nguo zinazonuka mwili wa bwana wake, na mlango umeachwa wazi. Je, unastaajabu akiingia? Mimi ningestaajabu asipoingia.

Nimefika mahali ambapo sina budi kusema habari yangu mwenyewe, wala si habari ya kujivunia. Tulikuwa tukikaa Ruiru, ghorofa ya tatu, mimi na jamaa zangu, na binti wa dada yangu aliyekuwa kidato cha pili wakati ule. Tulikuwa na paka wa kijivu. Mpwa wangu alimwita Nyau, ambalo ndilo neno la Kikuyu la paka. Hakujisumbua kutafuta jina jingine. Mashine ya kufulia ilikuwa mpya, nami nilikuwa na maringo nayo hata nikawaalika wageni waitazame ikizunguka. Jumamosi moja asubuhi nilitia nusu ya nguo, nikaitwa kujibu simu, nikarudi nikatia zilizobaki, nikausukuma mlango kwa goti, nikabonyeza. Maji yakaanza kuingia. Punde nikasikia kitu kikigonga, nikadhani ni mkanda wa suruali. Aliyeinama kutazama katika kioo ni mpwa wangu.

Nilizima umeme ukutani mara moja. Mlango haukufunguka. Jambo hili sikulijua kwa sababu sikukisoma kijitabu kilichokuja na mashine: mashine za namna ile zina komeo la ndani, na hata umeme ukikatwa komeo hukawia dakika moja au mbili kabla ya kulegea, ili maji yasimmwagikie mtu. Tulisimama watu wawili mbele ya kioo, tukingoja. Sijapata kungoja namna ile. Nyau alitoka hai, akafutwa, akafunikwa blanketi, na daktari wa mifugo akaitwa. Alikufa kabla ya magharibi.

Majirani walikuja kutupa pole, kama ilivyo desturi njema ya watu wanaokaa ploti moja. Nikawaambia, "Ajali haina kinga." Nikaongeza kuwa kiherehere chake ndicho kilichomponza. Wakatikisa vichwa kwa huruma, wakanywa chai, wakaenda. Walipokwisha kwenda mpwa wangu aliniuliza kwa adabu, bila ya kuinua sauti, "Mjomba, nani aliyefunga mlango?"

Siku ile sikumjibu. Insha hii ndiyo jibu lake.

Msomaji, wewe unayekaa Thika unajua kuwa mji wako ni mji wa viwanda. Mananasi hutiwa makoponi pale, na nguo zimefumwa pale kwa miaka mingi. Basi sikiliza jinsi viwanda vyenyewe vilivyofundishwa adabu. Viwanda vilipoanza ulimwenguni, mfanyakazi aliyekatwa vidole na mashine aliambiwa kuwa kosa ni lake: alisinzia, alisogea mno, alitia mkono pasipotakiwa mkono. Wengi wa waliokatwa walikuwa watoto, na mtoto, kama paka, hutaka kujua. Mwenye mashine hakuulizwa neno. Uingereza ilichoka na hoja hiyo, na sheria ya mwaka 1844 ikawalazimisha wenye viwanda vya nguo wazizingire mashine zao. Kenya nayo ilipata sheria ya viwanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 2007 Bunge lilitunga Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo humtaka mwenye mahali pa kazi azibe kila sehemu ya mashine iliyo ya hatari. Kile kifuniko cha chuma juu ya mikanda na magurudumu ni nini, kama si kinga? Na huu ndio mji ambao maelfu ya watu wake hushinda kutwa wakifanya kazi salama nyuma ya kinga, kisha jioni hurudi nyumbani wakasema kuwa ajali haina kinga!

Wala si viwanda peke yake. Zamani milango ya majokofu ilifungwa kwa komeo la nje. Huko Marekani watoto waliokuwa wakicheza mchezo wa kujificha waliingia katika majokofu yaliyotupwa, komeo likajifunga nyuma yao, wakafa kwa kukosa hewa. Ilikuwa rahisi kusema kuwa ni utundu wa watoto, au uzembe wa mama zao. Lakini mwaka 1956 sheria ilipitishwa kwamba jokofu lisiuzwe ila mlango wake uweze kufunguliwa kutoka ndani. Sheria ile haikungoja watoto wapunguze udadisi wao; iliubadilisha mlango. Leo jokofu lenu nyumbani linafungwa kwa mpira wenye sumaku, nawe unalifungua na kulifunga bila ya kujua kuwa mpira ule una historia ya msiba.

Najua majibu nitakayoletewa, kwa kuwa nimekwisha kuyasikia.

Wa kwanza husema kuwa paka si mtu. Kweli, si mtu. Lakini nenda katika nyumba za kupanga asubuhi utazame maji ya kuoga yanavyochemshwa. Ndoo ya plastiki huwekwa sakafuni, koili hutumbukizwa ndani yake, plagi hutiwa ukutani, na mwenye ndoo huenda kupiga mswaki. Umeme wetu ni wa volti 240. Paka huja kunywa, au huja tu kutazama ule mvuke unaopanda, akaweka miguu ya mbele juu ya ukingo. Sasa niambie, katika nyumba ile nani mwingine hutembea chini chini, hushika kila kitu, na hapendi kuambiwa usiguse? Ni mtoto anayetambaa. Waya wa pasi unaoning'inia kwenye ukingo wa meza humvuta mtoto wa paka, na humvuta mtoto wa mtu vilevile. Jiko la makaa lililopoa machoni lakini halijapoa kweli haliulizi mguu ni wa nani. Aliyejizoeza kumlinda paka amekwisha kumlinda mtoto, na aliyezoea kusema "ni paka tu" atakuwa na mazoea hayohayo siku atakayokuwa si paka.

Hata hivyo sitaki kumtetea paka kwa kivuli cha mtoto peke yake. Paka ana haki yake mwenyewe. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inamlinda kila mnyama mwenye uti wa mgongo, wa kufugwa au wa porini, wala haikusema isipokuwa paka. Waislamu nao wamefundishwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe wala asimwache atoke ajitafutie. Angalia neno lililomtia hatiani. Hakumpiga, hakumchinja. Alimfungia.

Wa pili husema kuwa basi afadhali tusifuge paka kabisa katika nyumba zenye umeme. Mtu huyu hajafikiri habari ya panya. Panya hutafuna waya usiku, na waya uliotafunwa ndani ya dari ni moto unaongoja siku yake. Akikosa paka atanunua sumu ya panya sokoni, ainyunyize nyuma ya mtungi wa unga, katika chumba hicho hicho anamokula. Wazee wa pwani walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi, na usemi huo sina ugomvi nao.

Wa tatu ndiye anayenikasirisha zaidi. Yeye husema paka apigwe mpaka akome. Paka aliyepigwa kwa kuingia mashineni hajifunzi kuwa mashine ni mbaya. Hujifunza kuwa wewe ni mbaya, na kesho ataingia ukiwa umempa mgongo, jambo ambalo ni hatari zaidi kuliko lile la kwanza. Ni upuuzi kumfundisha kiumbe asiyejua maana ya umeme, na kumsamehe anayelipa bili yake kila mwezi.

Basi afanye nini mwenye nyumba? Mambo yenyewe ni machache wala hayana gharama, na ndiyo maana sina subira na wasioyafanya. Kabla ya kuiwasha mashine ya kufulia, tia mkono mpaka nyuma kabisa, maana macho hudanganywa na nguo, hasa paka akiwa wa rangi ya nguo zenyewe. Ukiitwa katikati ya kazi, funga mlango kwanza, na ukirudi anza kutazama upya kana kwamba hukutazama. Kabati na tanuri hayana sheria nyingine ila hiyo hiyo. Maji ya koili yachemshwe ndani ya chumba kilichofungwa, ndoo iwe mahali pasipofikiwa, au mtu asimame pale pale mpaka yachemke, mswaki utangoja. Jiko la umeme hubaki la moto baada ya kuzimwa, basi weka juu yake sufuria yenye maji mpaka lipoe. Soketi zetu zina swichi ukutani: izime, uchomoe waya, uuviringe. Paka mchanga hutafuna waya kama mtoto anavyotafuna penseli. Na wewe ambaye baba yako au kaka yako ana gari au ni dereva wa matatu, mwambie apige boneti kwa kiganja asubuhi za baridi kabla ya kuwasha. Atakucheka siku ya kwanza. Siku paka atakaporuka kutoka chini ya injini, hatacheka.

Likitokea la kutokea, usimguse paka aliyenaswa na umeme mpaka umezima swichi, la sivyo mtakuwa wawili. Akiinuka na kutembea usidhani kuwa yamekwisha. Mapafu yake huweza kujaa maji saa nyingi baadaye, kwa hiyo apelekwe kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana mzima. Akiungua, tumia maji baridi ya bomba kwa dakika kadhaa. Usimpake mafuta ya kupikia, wala dawa ya meno, wala unga. Nimeona vyote vitatu vikipakwa, na vyote vitatu vilipakwa kwa mapenzi mema.

Lililo gumu si hayo. Lililo gumu ni kusema "mimi". Sisi watu wazima tumejifunza lugha ya ajabu ambayo ndani yake hakuna mtenda. Husema glasi imevunjika, chakula kimeungua, mlango ulifungika, paka alijiponza. Sarufi mnayofundishwa darasani inawaambia kuwa kitenzi kina mtenda wake. Basi mtakapotusikia tukisema hivyo, mtutafute yule mtenda. Mtuulize kwa heshima, kama nilivyoulizwa mimi, kwa kuwa swali la adabu halina pa kukimbilia. Lingekuwa la ufedhuli ningelikemea, na kwa kulikemea ningejiokoa.

Mashine ile tungali nayo. Mafundi husema kuwa mlango uachwe wazi kidogo kazi ikiisha, ndani kusije kukaota kuvu, nasi huuacha wazi kwa nafasi ya vidole viwili na kuufunga kwa kamba, nafasi hiyo isizidi. Paka tuliye naye sasa ni mweusi. Hulala juu ya mashine, kwa sababu tumemtandikia gunia huko juu na kuna joto la kutosha. Kila Jumamosi, kabla ya kubonyeza, natia mkono hadi begani na kuzihesabu nguo kwa sauti, na mpwa wangu akiwapo husimama nyuma yangu akahesabu naye. Wiki iliyopita nilivuta soksi moja isiyo na mwenziwe. Paka akaninyang'anya, akaenda nayo chini ya kitanda.